Daftari la Mahudhurio Lina Safu Mbili

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazogusa jambo moja: bosi ambaye haamini kwamba mfanyakazi wake yuko kazini mpaka amthibitishe kwa macho, kwa kidole au kwa simu. Majina ya waandishi nimeyaondoa, na ya waajiri wao vilevile, kwa sababu wote watatu bado wanakula kwa kazi hizo hizo.

Barua ya kwanza, kutoka Ahero

Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni afisa wa mikopo katika kampuni ndogo inayokopesha vikundi vya akina mama, na huu ni mwaka wangu wa sita. Ofisi yetu iko Kisumu mjini, lakini vikundi vyangu vyote viko Ahero, Katito na Awasi, na mimi mwenyewe ninaishi Ahero. Zamani nilikuwa nikienda kikundini moja kwa moja kutoka nyumbani, kisha ninafika ofisini mchana na vitabu vyangu. Tangu aje meneja mpya wa tawi, kila afisa lazima aweke kidole kwenye mashine kabla ya saa mbili asubuhi ndipo aende kikundini, na jioni arudi kukiweka tena. Kwa hiyo saa kumi na mbili ninapanda matatu kwenda mjini, ninaweka kidole, halafu ninapanda matatu nyingine kurudi Ahero, kwenye kikundi kinachokutana saa tatu katika kanisa lililo nyuma ya nyumba ninayopanga.

Ukichelewa hata dakika moja unakatwa mshahara wa nusu siku. Mwezi uliopita nilikatwa mara tatu, na mojawapo ilikuwa ya dakika nne, kwa sababu matatu ilisimamishwa na polisi Nyamasaria. Tukiwa kikundini tunatakiwa kutuma picha na kuonyesha mahali tulipo kwa WhatsApp, na hata baada ya hayo meneja humpigia mwenyekiti wa kikundi kumuuliza kama kweli nimefika. Juzi mama mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Afisa, kwani umekula pesa za watu?" Sikujua nitazame wapi. Jioni, kabla ya kuweka kidole cha kutoka, tunakalishwa kwenye kikao cha hesabu mpaka saa moja usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Je, niache kazi, nimshtaki kwa wakubwa wa Nairobi, ama nivumilie tu?

Jibu

Dada, nianze na pesa zako, kwa sababu hapo ndipo sheria imesema waziwazi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya kwenye mshahara. Kuhusu kutokuwepo kazini, kinamruhusu kukata kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ambayo mfanyakazi hakuwepo siku nzima, bila ruhusa wala sababu halali. Siku nzima, dada. Nusu siku inayokatwa kwa ajili ya dakika nne ni faini, na isipokuwa kama kuna makubaliano ya chama cha wafanyakazi au sheria nyingine inayoiruhusu, faini ya namna hiyo haina mahali pa kukaa katika orodha ile.

Wapo watakaoukata ukurasa huu, waubandike ukutani, kisha waanze kufika kazini saa tatu. Kwa hao niongeze kwamba uchelewaji bado ni kosa la nidhamu. Meneja anaweza kukuonya kwa mdomo, akakuandikia barua ya onyo, akakutaka ujieleze. Mambo yakifika mahali pa kukufuta kwa makosa ya utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinamlazimu akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize kwanza, ukiwa pamoja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Njia ya kuadhibu anayo, basi. Asichokuwa nacho ni ruhusa ya kuchungulia mshahara wako kila mara matatu inaposimamishwa.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo nadhani hujalitazama, ingawa limo ndani ya barua yako mwenyewe. Mashine ile unaiona kuwa ya meneja, nawe kila asubuhi unaiendea kama mtu anayekwenda kuungama. Lakini ina safu mbili, ya kuingia na ya kutoka, na meneja husoma moja tu. Hebu isome ya pili. Unaweka kidole saa mbili asubuhi, unakiweka tena saa moja usiku. Ukiondoa saa moja ya chakula, hizo ni saa kumi kwa siku, na kwa siku sita ni saa 60. Amri ya jumla ya mishahara, inayowahusu wafanyakazi ambao sekta yao haina amri yake, inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 zilizotandazwa kwa siku sita. Zinazozidi hulipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu katika siku za kawaida, na mara mbili katika siku ya mapumziko na sikukuu za kitaifa. Huenda mkataba wako una saa chache kuliko hizo, na hapo hesabu inakuwa nzuri zaidi kwako. Hata tukimpa meneja hizo 52 zote, kila wiki unamwachia saa nane zisizolipwa, naye anakukata nusu siku kwa dakika nne. Mashine inayojua kwamba ulifika na dakika nne za kuchelewa inajua pia kwamba ulitoka giza limeshaingia.

Kwa hiyo, kabla ya kulalamika popote, omba kwa maandishi nakala ya kumbukumbu zako za mahudhurio za miezi mitatu iliyopita, safu zote mbili. Alama ya kidole, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ni data nyeti ya mtu binafsi, na wewe ndiye mwenyewe. Una haki ya kuambiwa inakusanywa kwa sababu gani na ya kuona kilichohifadhiwa kukuhusu. Usiitie barua hiyo maneno ya vita. Andika kwamba ungependa kulinganisha kumbukumbu hizo na makato yaliyo kwenye hati zako za malipo, na useme ni tarehe zipi. Wakati unangoja jibu, nunua daftari dogo la shule na uandike kila siku, kwa mkono wako, saa uliyoondoka nyumbani, saa ya kidole cha kwanza, kikundi ulichokitembelea na saa ya kidole cha mwisho. Daftari la namna hiyo, lenye wino tofauti tofauti na doa la chai, huaminika kuliko orodha safi iliyoandikwa usiku mmoja kabla ya kwenda kwa afisa wa leba.

Kuhusu kuonyesha mahali ulipo kwa simu, siwezi kukuambia ukatae. Uko kazini, unashika pesa za watu, na kujua afisa yuko kikundi gani saa tatu asubuhi si jambo la ajabu. Lakini WhatsApp hukupa nafasi ya kuchagua dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua muda unaotosha mkutano tu. Ukichagua saa nane, meneja atajua pia duka unalonunua sukari.

Tuje kwa meneja mwenyewe. Nitamtetea kidogo, usikasirike. Katika kazi ya kukopesha vikundi, wanaoifanya wote wanajua visa vya afisa aliyeandika kikundi kisichokuwepo, au aliyekusanya marejesho akayakalia wiki mbili. Meneja mpya huja akiwa amesimuliwa visa hivyo, na huenda katika tawi alilotoka vilimpata yeye mwenyewe. Tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hapa mgeni ni yeye, na kamba amewafunga wenyeji. Kosa lake ni kwamba anachokiogopa na anachokilinda ni vitu viwili mbalimbali. Anaogopa pesa zipotee, halafu analinda kidole. Kikundi kinacholipa moja kwa moja kwa M-Pesa kwenye akaunti ya kampuni, na mwekahazina anayebaki na stakabadhi yake, vinalinda pesa kuliko safari yako ya alfajiri. Tena mashine haijui kama ulipokuwa kwenye matatu ya pili kikundi kilikuwa kimeshachoka kungoja na nusu ya akina mama wamekwenda sokoni.

Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Usimwendee mwisho wa mwezi, wakati hesabu ya mikopo iliyocheleweshwa inamkaba, wala usimwendee pamoja na maafisa wote mkiwa mmepandwa na hasira. Mwandikie kwanza, ukiomba dakika kumi. Kwa mfano:

"Bosi, vikundi vyangu vya Jumanne na Alhamisi hukutana Ahero saa tatu. Naomba siku hizo mbili niripoti kikundini moja kwa moja. Kabla ya saa sita nitakutumia jina la kikundi, idadi ya waliohudhuria, kiasi kilicholipwa na majina ya waliochelewesha. Tujaribu kwa mwezi mmoja, kisha tulinganishe marejesho na ya mwezi uliotangulia. Pia nina swali kuhusu makato matatu ya mwezi uliopita, ambalo ningependa tulizungumze wakati huo huo."

Zingatia kwamba ombi limetangulia na swali la makato limefuata, na kwamba unampa kitu ambacho leo hana. Akikubali, mpe taarifa hiyo hata siku ambayo marejesho ni mabaya, na hasa siku hiyo. Kuhusu simu kwa wenyeviti, mwambie ana kwa ana yale maneno ya yule mama, kama yalivyo, bila kuongeza. Meneja wa mikopo anaelewa upesi kwamba kikundi kinachomshuku afisa huanza kuchelewesha malipo. Kama anataka kuhakikisha, na aje mwenyewe kikundini mara moja kwa mwezi, asalimiane na akina mama, atazame vitabu.

Akikataa yote na makato yakaendelea, ndipo uandikie makao makuu, ukiambatisha nakala ya barua yako ya kwanza, kumbukumbu za mashine na hati za malipo. Wasipojibu, nenda ofisi ya leba Kisumu. Hulipi chochote, na huhitaji wakili kwa hatua hiyo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kukufuta, isipokuwa ikithibitishwa kwamba lalamiko lako lilikuwa la ovyo lisilo na msingi wowote.

Kuacha kazi nimekuweka mwisho makusudi. Wapo walioacha kwa kusukumwa na mahakama ikakubali kwamba kwa kweli walifutwa, lakini mzigo wa kuthibitisha huo msukumo unakuwa juu yako, na barua iliyoandikwa kwa hasira saa moja usiku huwa haisaidii. Ukifika mahali pa kuondoka, toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inaanzia siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Usipoifanyia kazi utadaiwa malipo yake. Chukua na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukupa hata kama mmeachana vibaya. Na ukifutwa kabla hujaondoka, jihadhari na tarehe: malalamiko ya kufutwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, na kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inaketi Kisumu, ndani ya miaka mitatu.

Barua ya pili, kutoka Nakuru

Mhariri, mimi niko upande wa pili. Ni msimamizi katika karakana ya samani hapa Nakuru, yenye mafundi na vibarua ishirini na wawili. Mwenye karakana, ambaye sote tunamwita mzee, amegundua kwamba baadhi ya vijana husainiana kwenye daftari la asubuhi. Sasa ameniagiza nifungue daftari la choo, niandike kila anayetoka na kila anayerudi, na dakika alizokaa. Fundi wangu mkubwa, mtu wa miaka hamsini na kitu, ameniambia kwamba siku nitakayomwandika ataweka randa chini na kwenda zake. Nitamwambiaje mzee?

Jibu

Ndugu msimamizi, fundi wako amesema kweli, na ningekuwa yeye ningeiweka randa chini siku hiyo ya kwanza.

Miaka yangu ya mwanzo ya kazi niliifanya katika ofisi moja ambayo mkubwa wake alisimama mlangoni kila asubuhi na saa mkononi. Hakuna aliyechelewa. Tulifika sote saa mbili kasoro, tukavua makoti, tukasoma gazeti moja kwa zamu mpaka saa nne. Yeye alirudi chumbani kwake akiwa ameridhika, maana alichotaka kukiona alikuwa amekiona. Mzee wako yuko njiani kuelekea huko: atapata watu wasiokwenda choo na meza zisizokwisha.

Kuhusu kusainiana, ana haki ya kukasirika, kwa maana kumsainia mwenzako ambaye hayupo ni udanganyifu, na wewe kama msimamizi ulipaswa kuuona kabla yake. Dawa yake iko stoo. Katika karakana, mtu asiye na msumeno, patasi wala randa hana kazi ya kufanya. Basi zana zitolewe stoo kwa jina, kila mmoja apokee za kwake mwenyewe asubuhi na kuzirudisha mwenyewe jioni. Aliyeko Free Area bado anangoja matatu hawezi kupokea patasi. Utakuwa na mahudhurio sahihi bila kumwambia yeyote kwamba humwamini, na juu yake utajua ni nani aliyepoteza msumeno wa mwezi uliopita.

Mahudhurio yenyewe yaandikwe vizuri, kwa sababu sheria inamtaka mwajiri kutunza kumbukumbu za mambo kama siku za mapumziko na likizo, na siku mzozo utakapofika kwa afisa wa leba, asiye na karatasi ndiye anayeanza kugugumia. Wape dakika kumi za msamaha, na kiwango hicho kimguse kila mtu, wewe ukiwa wa kwanza kwenye orodha. Siku mvua imefunga barabara, andika "mvua" pembeni badala ya "amechelewa". Neno hilo moja litawaonyesha vijana kwamba anayeandika ana macho.

Kwa daftari la choo, mwambie mzee faraghani, wala usimwambie mbele ya mafundi. Mweleze kwamba ndani ya daftari hilo mtajikuta mnaandika nani ana ugonjwa wa sukari, nani ni mjamzito na nani anaumwa tumbo, na kwamba habari za afya ya mtu nazo ni data nyeti ambayo yeye, kama mwajiri, atatakiwa kueleza kwa nini anaikusanya. Kisha mpe hesabu anayoielewa: ni meza ngapi zimekwisha wiki hii, ngapi zilikwisha wiki iliyopita, na ni nani anayewachelewesha wenzake. Kama kuna kijana anayejificha chooni na simu, hesabu hiyo itamtoa nje yenyewe, nawe utamwita peke yake na kumwonya peke yake.

Akishikilia, mwombe akupe agizo hilo kwa maandishi na sahihi yake. Wazee wengi hupunguza ukali wakishika kalamu.

Barua ya tatu, kutoka Kakamega

Mhariri, ninafundisha katika shule ya kibinafsi. Mwalimu mkuu ametangaza kwamba mwalimu anayeugua lazima alete karatasi ya daktari siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe, la sivyo siku hiyo inahesabiwa kuwa utoro. Muhula huu nilipata malaria nikashindwa hata kusimama. Nilikatwa siku mbili. Je, ni halali?

Jibu

Mwalimu, pole kwa ugonjwa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinakupa, baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi, angalau siku saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi kumi na miwili. Wajibu wako ni kumjulisha mwajiri, au kumtuma mtu amjulishe, mapema kadiri inavyowezekana, na kuleta cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu. Sheria haimtaki mwenye homa apande bodaboda kupeleka cheti hicho shuleni. Ila tahadhari na karatasi ya duka la dawa. Ile risiti ya vidonge haitakubaliwa, na hapo mwalimu mkuu atakuwa sawa.

Safari ijayo tuma ujumbe kwa simu kabla ya masomo kuanza, ukitaja darasa lako na kazi uliyowaachia wanafunzi, na usiufute. Cheti kipige picha ukiwa bado kituoni, ukitume, kisha uipeleke karatasi yenyewe siku unayorudi na uombe kusainiwa nakala. Kwa siku mbili zilizokatwa, ikiwa cheti unacho, mwandikie mwalimu mkuu akurudishie kwenye mshahara wa mwezi huu, ukitaja kifungu hicho na tarehe zote mbili. Usiache pia kuhesabu: katika zile siku saba za mshahara kamili, sasa zimekubakia tano.